Nafasi katika diski: tupime mbele ya kufuta

Siku ya posho, mwisho wa trimestri, sisi wanafunzi wanne tulikuwa katika biro tukiandika pointi za darasa la tano. Kuranti ilikuwako, lakini ordinatere ikakataa kuchunga kazi yetu. Ikaandika: « Aucun espace disponible sur le périphérique ». Diski imejaa! Mwenzetu akasema: « Tufute pointi za zamani, nani atazitafuta? » Kidole kilikuwa tayari juu ya klavie. Mwalimu akatukataza: « Hapana, watoto. Mnatupa mzigo bila kujua uzito wake? Pimeni kwanza. »

Ordinatere yetu inatumika na Linux, na kupima kwenyewe ni kuandika maneno mawili tu, df na du. Yote mawili yalikuwako tangu Unix ya kwanza ya mwaka 1971, kule maabara ya Bell, Marekani. Yanapita umri wa wazazi wetu wengi.

Tukaandika df -h. Ile « h » inaleta hesabu kwa mega na giga, kusudi mtu asome bila taabu. Tukaona: Taille 117G, Utilisé 111G, Dispo 0. Tukauliza, giga sita ziko wapi? Kumbe Linux kwa desturi inaweka pembeni asilimia 5 kwa ajili ya mkubwa wa mashini, root.

Lakini df inasema tu kama gunia limejaa. Haisemi kitu gani kiko ndani. Hiyo ni kazi ya du:

sudo du -xh -d1 / | sort -h

« x » inaikataza kutoka nje ya diski hii, « d1 » inaishusha ngazi moja tu, na sort inapanga toka kidogo hata kikubwa. Mstari wa mwisho ni jumla. Aliyekula sana yuko juu yake tu. Alikuwa /var. Tukashuka, /var/log. Tukashuka tena: fishie moja, syslog, 64G! Waya wa imprimanti ulikuwa mubaya, na mashini iliandika malalamiko yaleyale usiku na mchana. Na pointi za zamani, za miaka tisa yote? Mega 38. Na ndugu waliomaliza wanakuja kila mwaka kuziomba.

Basi tukafuta syslog kwa rm, na furaha mingi. Tukarudia df: 100%. Tulichoka kabisa. Mwalimu akacheka. Rm inaondoa jina tu. Programu inayoandika ingali imeshika fishie mkononi, na nafasi hairudi mpaka iachilie. Ndiyo sababu du haikuiona tena, na df iliendelea kuihesabu. Fishie za namna hii zinaonekana kwa sudo lsof +L1. Tukaanzisha programu upya:

sudo systemctl restart rsyslog

Df ikashuka 43%. Ingekuwa vizuri zaidi kuimwaga bila kuondoa jina: sudo truncate -s 0 /var/log/syslog.

Pointi za darasa la tano zilimalizika saa mbili ya usiku. Waya wa imprimanti tunaungojea bado.