Chuo cha Utotoni na Chuo Kikuu

Kiswahili chetu kina neno moja, chuo, kwa mahali pawili: pale mtoto anapoanza alifu na be, na pale kijana anapokwenda kutafuta shahada. Neno hilo hutujia kila tunapowapokea mabinti waliorudi likizoni na matokeo yasiyolingana na jasho lao. Walikesha, wakakonda, na bado wakafeli.

Tukumbuke walivyosoma utotoni. Maalim hakumpa mtoto somo jipya kabla ya kumsikiliza la jana. Aya iliyohifadhiwa leo ilirudiwa kesho, ikarudiwa tena mwisho wa juma, na msahafu ulifungwa ndipo mtoto asome kwa moyo. Binti huyo huyo akifika chuo kikuu huyarundika maandishi ya mihadhara hadi wiki ya mtihani, kisha huyapitia usiku kucha, kahawa mkononi.

Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kuwa kusahau huenda mbio zaidi katika saa za mwanzo, na kuwa marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa huzidi nguvu yale ya mkupuo mmoja. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapima wanafunzi. Baada ya dakika tano, waliosoma na kusoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka waliwapita. Ndiyo maana mkesha hudanganya: asubuhi mtu hujiona anajua. Maalim zetu hawakuhitaji maabara kulifahamu hilo.

Ama wakati, Muislamu amekwisha kugawiwa siku yake. Hapa kwetu, karibu na ikweta, nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima, basi ratiba iliyopangwa Januari hufaa hata Juni, isipokuwa Ramadhani. Nusu saa baada ya Alfajiri, binti aandike anachokumbuka katika mihadhara ya jana bila kufungua daftari, kisha alifungue asahihishe. Kati ya Alasiri na Magharibi afanye kazi ngumu, simu ikiwa chumba kingine. Baada ya Isha ni mambo mepesi, kisha alale.

Lakini ratiba hiyo huvunjwa na nani? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Binti anayesoma akiishi nyumbani huitwa akande unga, amwangalie mdogo wake, aende harusini siku tatu mfululizo. Kaka yake akifungua kitabu, nyumba nzima huambiwa inyamaze. Kusaidia nyumbani ni adabu, nasi hatumtoi mtu humo. Ila tunashindwa kuona kwa nini adabu hiyo imwangukie mmoja tu, tena katika saa zake mbili za Alasiri.

Kuna na msaada ambao mama yeyote anauweza, hata asiyejua uhasibu wala kemia. Ashike daftari la bintiye, aulize kilichoandikwa, asikilize kama maalim alivyokuwa akisikiliza. Binti akikwama, wote wawili watajua ni ukurasa gani wa kurudiwa kesho baada ya Alfajiri.