Maneno Madogo ya Kiingereza Yanayotuponza

Maneno marefu ya Kiingereza hayanitishi sana. Mtu akikutana na neno refu hujua kwamba ni geni kwake, hufungua kamusi, akapata maana yake, basi. Yanayotuponza ni yale mafupi ya herufi mbili tatu, kama "in", "on", "at" na "by", ambayo tulifundishwa siku za kwanza shuleni, na kwa hiyo tunadhani tumekwisha kuyajua. Lakini yakiungana na maneno mengine hugeuza maana kabisa, na barua ikishatiwa posta haiwezi kurudi kujieleza.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuwatia watu wa kwetu hasara. Nilipokuwa karani mpya, nilikwenda nyumbani kwa likizo nikawakuta wazee wamevuna mahindi, magunia 32, na ghala lililokuwa likinunua lingefungwa siku ya Ijumaa. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Mwandikie mwenye lori kwamba twalihitaji, mwisho ni mpaka Alhamisi liwe limefika." Nikaketi, nikaandika kwa mwandiko mzuri: "We shall need your lorry until Thursday." Wazee wakanishukuru sana.

Alhamisi ikapita, na Ijumaa ikapita, lori lisije. Usiku wa Jumamosi mvua ikanyesha juu ya magunia yaliyokuwa yamepangwa kando ya njia. Mahindi yale yaliuzwa baadaye kwa mchuuzi, kwa bei ya kusikitisha. Nilipokwenda kumwuliza mwenye lori kwa hasira, alinitolea barua yangu mwenyewe. Akasema, "Bwana karani, lori langu lilikuwa kwa fundi mpaka Jumatano usiku. Wewe uliniandikia kwamba haja yenu inakwisha Alhamisi. Nikaona nimechelewa, nikalikodisha kwa wengine."

Alikuwa na haki. "Until Thursday" maana yake ni kwamba jambo linaendelea, kisha linakoma Alhamisi. Nilipaswa kuandika "by Thursday", yaani jambo liwe limetimia ifikapo Alhamisi, wala si baadaye. Kwa Kiswahili neno "mpaka" limebeba mizigo yote miwili, nami nilitafsiri neno badala ya kutafsiri maana. Yule mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, Kiingereza chako kimenyeshewa mvua pamoja na mahindi yetu." Afadhali angalinipiga.

Tangu siku ile, kabla ya kuandika siku ya mwisho ya jambo lo lote, najiuliza: Je, jambo hili linaendelea, au linatimia? Kama linaendelea, naandika "until": "The office will be open until Friday", ofisi itakuwa wazi hata Ijumaa. Kama linatimia mara moja, naandika "by": "Pay the fees by Friday", lipa karo Ijumaa isipite.

Wengine huchanganya "on time" na "in time". Gari moshi likiwa lapaswa kufika saa mbili, nalo likafika saa mbili, limefika "on time", yaani kwa saa yake iliyowekwa. Lakini daktari aitwaye usiku kwa mgonjwa hana saa iliyowekwa. Akifika mgonjwa angali aweza kusaidiwa, amefika "in time", yaani kabla mambo hayajaharibika. Mtu aweza kukosa la kwanza akapata la pili. Tuseme umeitwa barazani saa tatu, ukafika saa tatu na nusu, lakini shauri lako halijatajwa bado. Hukufika "on time", ila umefika "in time", nawe umshukuru Mungu.

Tazama tena "at the end" na "in the end". La kwanza huonyesha mwisho wa kitu fulani, na kwa kawaida kitu hicho hutajwa: "at the end of the month", mwishoni mwa mwezi, "at the end of the road", mwisho wa barabara. La pili maana yake ni "hatimaye", baada ya mabishano au taabu: "In the end they agreed", hatimaye walipatana. Kwa hiyo ukiandika kwamba mshahara hulipwa "in the end", msomaji atadhani hulipwa baada ya vita.

Kuna na kale kaneno kadogo "the", ambako wengi wetu hukatia na kukatoa kama chumvi. Lakini kaneno haka kaweza kumtia mtu gerezani. Mkulima mmoja huuza mboga kwa jikoni la gereza. Ukiandika, "He is in prison", umesema kwamba amefungwa. Ukiandika, "He is in the prison", umesema tu kwamba yumo ndani ya majengo yale, labda anahesabu kabichi zake. Ndivyo ilivyo na "in hospital", kulazwa kwa ugonjwa, na "in the hospital", kuwamo katika jengo la hospitali kwa sababu yo yote. Kanuni yake ni hii: mtu akiwa mahali pale kwa kazi ile ambayo mahali penyewe pamewekewa, "the" huondolewa. Mtoto anayesoma yuko "at school", lakini baba aliyekwenda kumwona mwalimu yuko "at the school". Wamarekani hutumia "in the hospital" hata kwa mgonjwa, basi usishangae ukiliona katika vitabu vyao.

Hatari kubwa zaidi imo katika "in charge of" na "in the charge of". La kwanza ni kusimamia, la pili ni kusimamiwa. "The clerk is in charge of the store": karani ndiye msimamizi wa bohari. "The store is in the charge of the clerk": bohari iko chini ya karani. Hapo maana ni ile ile, ila walio mbele na nyuma wamebadilishana mahali. Sasa fikiri karani akiombea kazi, naye aandike kwamba kwa miaka minne alikuwa "in the charge of two policemen". Alitaka kusema aliwasimamia askari wawili. Amesema askari wawili walikuwa wakimchunga yeye! Mkuu wa ofisi atakayesoma barua hiyo hatacheka kwa muda mrefu kabla ya kuitupa. Vivyo hivyo "in possession of" ni kumiliki, na "in the possession of" ni kumilikiwa. Mwenye shamba aandikaye habari za ardhi yake na aliangalie jambo hili mara mbili.

La mwisho ni "in front of" na "in the front of". Utingo akiwa ameketi karibu na dereva yuko "in the front of the lorry", sehemu ya mbele ndani ya lori. Akiwa "in front of the lorry" yuko barabarani mbele ya magurudumu, na heri aondoke upesi.

Huenda msomaji akasema kwamba lugha hii ina hila nyingi. Lakini na tuangalie kwetu. Sisi twasema ufunguo "umo" sandukuni, sahani "ipo" mezani, na mjomba "yuko" Mombasa. Mgeni hutokwa na jasho kwa ajili ya "mo", "po" na "ko", hali mtoto wetu mdogo huzitumia bila kufikiri. Kila lugha ina milango yake midogo, na mgeni hana budi kuinama apite.

Basi tufanyeje? Jambo la kwanza ni kutojifunza maneno haya moja moja. Jifunze fungu zima, kama mtu anunuavyo ndizi kwa chana. Bwana A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha lugha yake huko Japani, alilielewa jambo hili. Kamusi aliyoitunga pamoja na wenzake ilitolewa kwanza Tokyo mwaka 1942, kisha ikatolewa na Oxford University Press mwaka 1948. Iliandikwa kwa ajili ya watu wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, nayo huonyesha neno likitumiwa pamoja na wenzake. Kamusi ya namna hiyo ni chombo cha kazi kwa karani, kama jembe kwa mkulima.

La pili, uwe na daftari. Kila uonapo fungu la maneno usilo na hakika nalo, liandike pamoja na sentensi nzima uliyoliona. Matano kwa juma yatosha.

La tatu, usione haya kusoma barua yako kwa sauti na kumweleza kwa Kiswahili yule uliyemwandikia, kabla ya kuibandika stempu. Laiti ningalimwuliza yule mzee, "Mzee, lori lifike Alhamisi, au tuwe nalo hata Alhamisi?", angalinijibu kwa neno moja. Swali lile lisingalinigharimu hata senti. Kutouliza kuligharimu magunia 32 ya mahindi, na hayo hayakuwa yangu.