Majaribio yako ya JavaScript yamejaa nyekundu? Angalia kipimo kwanza

Unaendesha majaribio ya programu yako. Yote yamepita, tiki za kijani zimejipanga, lakini pembeni kuna nambari nyekundu: 92ms, 118ms, 240ms. Unajiambia, "Si yamepita lakini?" halafu unatuma kazi na kwenda zako kutafuta chai.

Nakuelewa. Hata mimi nilikuwa hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini. Majaribio yetu ya kuingia kwenye akaunti yalikuwa mekundu kila siku, na kwa sababu nzuri: bcrypt, inayogeuza nywila kabla haijahifadhiwa, imeundwa makusudi iwe nzito ili mwizi asiweze kubahatisha nywila haraka haraka. Basi tukazoea nyekundu. Kisha jaribio la orodha ya wateja likaruka kutoka 30ms hadi karibu 700. Mtu fulani (sawa, ni mimi) alikuwa ameandika msimbo unaouliza hifadhidata mteja mmoja mmoja badala ya kuwachukua wote kwa mpigo. Nambari ilikuwa pale pale, nyekundu katikati ya nyekundu zingine. Hakuna aliyeiona mpaka mteja mwenye rekodi nyingi alipopiga simu akilia kuwa ukurasa umekwama.

Sasa sikia. Hiyo nyekundu haikutoka mbinguni. Mocha huhesabu jaribio kuwa la polepole likipita 75ms, na likivuka nusu ya hapo hulipaka manjano. Vitest huanzia 300ms. Jest nayo husubiri sekunde 5, tena hupima faili nzima ya majaribio, si jaribio moja moja. Kwa hivyo jaribio la 200ms ni jekundu kwa Mocha na hao wengine wawili wananyamaza tu.

Na usichanganye hii na muda wa mwisho. Jaribio la polepole bado limepita. Limepakwa rangi tu. Muda wa mwisho ndio huliangusha, na kwa Mocha ni sekunde 2 usipobadilisha.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Endesha Mocha na --slow 0 uone muda wa karibu kila jaribio. Ukigundua mengi yako hukaa chini ya 100ms, andika "slow": 150 kwenye .mocharc.json. Kwa yale ya nywila, usiinue kipimo cha mradi mzima. Weka this.slow(600) ndani ya kundi lao peke yake. Hapo kuna mtego: tumia function ya kawaida, si ile ya mshale, manake ya mshale haina this ya Mocha na utapata kosa la kukuumiza kichwa bure.

Jest na Vitest zote hutumia jina slowTestThreshold kwenye faili ya mipangilio. Jina ni moja, lakini Jest husoma sekunde na Vitest husoma milisekunde. Ukinakili 300 kutoka Vitest ukaibandika kwa Jest, umeiambia isubiri dakika 5 ndipo iseme kitu. Utadhani msimbo wako umekuwa mwepesi kama upepo, kumbe umeziba king'ora.

Kuna wanaoinua kipimo hadi nyekundu iishe yote, ndio bosi asiulize maswali. Hiyo ni kutoa betri kwenye saa ya kukuamsha. Sisi, baada ya ile simu, tulipanga kipimo kwa jioni moja tu. Nyekundu zikabaki mbili. Moja ilikuwa ile orodha yangu, ikinitazama, na ya pili ilikuwa ripoti ya mwisho wa mwezi ambayo hakuna aliyejua ilikuwa inasoma jedwali lote mara mbili.