Maua ya sukari yanaogopa mvua

Hapa kwetu Lubumbashi gato ya arusi ya ghorofa tatu bila maua inaonekana uchi. Maua ya plastiki yangali, lakini kuna wateja wanaoomba ya sukari, na bamama na vijana wanaoanza kazi hii nyumbani wanapokea komande mbele ya kujua kitu kimoja: sukari inakunywa maji ya hewa.

Tuanze na pate yenyewe. Pâte à sucre, ile ya kufunika gato, na pâte à fleurs si kitu kimoja, hata kama zote mbili ni sukari ya unga. Ya kwanza inabaki laini. Ya pili iko na gomu: ao tragacanth, inayotoka ku kichaka cha Iran na nchi za jirani, ao CMC, poda nyeupe inayotengenezwa na nyuzi za miti ao za pamba. Gomu njo inafanya pate ivutike paka inakuwa nyembamba sawa karatasi, kisha ikauke ngumu. Mwenye kuanza hana lazima ya kununua ile iliyo tayari. Chukua gramu 250 za pâte à sucre, tia kijiko kimoja kidogo cha CMC, kanda vizuri, funga ndani ya plastiki, acha ilale usiku mmoja.

Sasa hewa. Mwezi wa saba, kiangazi yetu inakausha haraka sana: unageuka kujibu telefone, petali imeisha kupasuka pembeni. Toa kipande kidogo tu, ingine ibaki imefungwa, na upake vidole mafuta kidogo. Lakini kuanzia mwezi wa kumi na moja mambo yanageuka. Mvua inanyesha, petali inakaa siku mbili tatu bila kukauka, na ile iliyokuwa imekauka inalegea tena. Arusi nayo haingoji, na feza ya mteja imeisha kununua mayai na siagi.

Kwa hiyo maua ya Desemba yatengenezwe Agosti. Yakikauka kabisa yanaweza kukaa miezi mingi ndani ya karto yenye kifuniko, mbali na jua na jiko. Kuyafunga ndani ya plastiki, hapana, inashika maji. Frigo, hapana kabisa: ukiyatoa, matone yanaota juu yake na rangi inatelemuka. Gato ikipita mu frigo, maua yawekwe mwisho, pale pale ku sale.

Ua gani la kwanza? Wote wanataka roze. Roze ya mwanzo inafanana na shu, tunaomba radhi, ni kweli. Afazali frangipani, ile ya ku viwanja vyetu, iko na petali tano tu. Tandaza pate juu ya maizena, kata petali tano zenye umbo la tone ukifuata karatasi nene, lainisha pembeni na mugongo ya kijiko. Paka maji kidogo sana upande mmoja wa kila petali, zipange moja ikilalia ingine sawa kipepeo, zizungushe, bana chini. Laza ua ndani ya karto ya mayai paka kesho yake. Njo unapaka rangi ya manjano katikati. Frangipani ya kweli usiweke juu ya gato, juu maziwa yake yanawasha.

Maneno mawili juu ya waya. Katika mji wa shaba, waya ya shaba haikosekani, na mwenye kuanza anaona ni njia rahisi ya kushika maua. Shaba haipashwe kugusa chakula, zaidi chenye ndimu ao kitu kikali. Hata waya ya kununua, iliyofungwa na karatasi, haiingie ndani ya gato moja kwa moja. Inapita kwanza ndani ya kipande cha mrija safi wa kunywea. Vijiti vya meno navyo vinajificha vizuri ndani ya maua, na watoto njo wanakimbiliaka maua. Hesabu vyote mbele ya kupeleka gato, andika hesabu ile ku karatasi, na umpatie yule anayeikata.