Bunduki Kubwa kwa Mnyama Mdogo

Leo tuongee juu ya nyama ya pori na bunduki inayoileta.

Jioni moja, katika kijiji kimoja kwenye njia ya kutoka Butembo kwenda Manguredjipa, masasi ililia. Ta-ta-ta, halafu kimya. Hakuna mtu aliyeuliza ni nani anapiga. Wamama walifunga watoto mgongoni, vijana walibeba magodoro, wazee walishikwa mkono, na wote wakaingia barabarani usiku. Mama mmoja mwenye mimba kubwa alianguka ndani ya mtaro. Tunashukuru, yeye na mtoto walipona. Asubuhi ndipo tulipata habari ya kweli: hapakuwa na vita. Kijana mmoja wa kwaya yetu alikuwa amepiga mboloko.

Nilimwita, tukakaa chini ya mti.

"Pasta, mi nilikuwa natafuta tu mboga ya nyumba."

"Na bunduki ya vita?"

"Njo ile niliazimwa. Mwenye bunduki ananipatia masasi tano, nikirudi tunagawa nyama. Kartushi ya kalibre 12 iko bei, tena haionekani."

"Na masasi tano ulileta nyama ngapi?"

"Mboloko moja, Pasta. Na ile pia, nusu iliharibika."

Wapendwa, hesabu ya kijana huyu ndiyo nataka tuifanye pamoja.

Nguvu isiyolingana na kazi

Mboloko ni swala mdogo wa misitu yetu. Uzito wake ni karibu kilo 5. Kalashnikov yenye masasi 30 ndani inakaribia kilo 4. Ni kusema, mwindaji anabeba bunduki yenye uzito karibu sawa na mnyama anayemfuata!

Risasi yake ina gramu karibu 8, na inatoka kwa mwendo wa mita karibu 700 kwa sekunde moja. Nguvu yake inapita zaidi ya mara kumi ile ya karabini ndogo ya 22, ambayo katika nchi nyingi watu wanawindia sungura. Ilitengenezwa kwa ajili ya kuangusha askari, si kwa kutafuta mboga. Ikimpata mboloko, inavunja mifupa, inapasua matumbo, na uchafu wake unamwagika ndani ya nyama. Nyama hiyo inaoza haraka. Mwenye kuinunua kwenye machimbo, ikiwa imekaushwa kwa moshi, hawezi kujua.

Tena risasi haisimami kwa mnyama. Mwili mdogo hauizuii; inapita na kuendelea. Pale hakuna mti wala kilima cha kuizuia, inaweza kuruka zaidi ya kilomita 2. Vyuma vidogo vya kalibre 12 vinapoteza nguvu mapema. Lakini risasi ya vita inaweza kumkuta mama anayekata sombe shambani, au mchimbaji anayeosha mchanga wa zahabu mtoni. Yule aliyepiga hatamwona hata.

Wazee waliwinda namna gani?

Wambuti wa msitu wa Ituri wanajua kuwinda mboloko kwa nyavu. Wanaume wanafunga nyavu nusu duara, wanawake na watoto wanafukuza wanyama kwa kelele za mdomo. Nyama inafika nyumbani nzima, na hakuna kijiji kinachokimbia. Nyavu haimfikii nyani aliye juu ya mti, na mkuki haumalizi kundi zima kwa dakika moja.

Bunduki za vita zilienea kwetu sana tangu vita vya mwaka 1996 na 1998. Tuangalie matunda yake. Katika miaka ya 1970, viboko wa mbuga ya Virunga walihesabiwa zaidi ya 25,000. Mwaka 2005 hawakufika hata 1,000. Wenye bunduki waliwapiga kwa ajili ya nyama na meno. Mavi ya kiboko ndiyo chakula cha maji, na maji yanalisha samaki. Kwa hiyo wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi nao waliguswa na msiba huu.

Mboloko naye anazaa mtoto mmoja tu kila mara. Kama kiboko mwenye tani nzima alishindwa mbele ya bunduki hii, mboloko atafanya nini?

Mwenyewe aliyeitengeneza

Mikhail Kalashnikov wa Urusi alikufa Desemba 2013, akiwa na miaka 94. Kabla ya kufa alimwandikia mkuu wa kanisa lake barua, akieleza maumivu ya roho: je, yeye ana hatia kwa ajili ya watu waliouawa na bunduki yake? Ikiwa yeye aliyeitengeneza alikosa usingizi, sisi tunaiazima namna gani kwa ajili ya kitoweo?

Tufanye nini?

Kwanza, tujue sheria. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataka mwindaji awe na kibali. Ndani ya mbuga ya Virunga kuwinda kumekatazwa kabisa. Na silaha ya vita si ya raia, hata kama ni ya kuazima saa moja.

Pili, wazazi, tuulize nyama inatoka wapi kabla ya kuiweka kwenye chungu. Mnunuzi akikataa, mwenye bunduki atakosa soko.

Tatu, vijana, fugeni. Sungura na kobayi wanakula majani tu, wanazaa haraka, na hawaombi masasi. Kijana wetu alianza na sungura jike wawili na dume moja. Si utajiri, lakini mboga iko.

Daudi alipokuwa anakimbia milimani, alimuuliza Sauli sababu gani mfalme na jeshi lake wanamfuata mtu mdogo kama kiroboto, kama kware wa mlimani. Soma 1 Samweli 26. Hata katika siku zile watu waliona aibu ya nguvu kubwa juu ya kitu kidogo.

Siku tuliyoachana, kijana aliniambia neno ambalo sijasahau: "Pasta, bunduki ilikuwa ya mutu, masasi ilikuwa ya mutu, nusu ya nyama ilikuwa ya mutu. Lakini kama ule mama angekufa, kilio kingekuwa changu."

Ndugu msomaji, mlango wako ukigongwa usiku na mtu akupe bunduki ya kuazima, kumbuka neno hilo kabla ya kunyoosha mkono.