Jina la Fundi Lipite Juu ya Shanga

Mwanariadha akirudi na medali na kutua katika uwanja wa ndege wa Eldoret, hupokewa kwa mursik, maziwa ya mgando yanayotiwa kibuyuni. Picha za kibuyu mkononi mwake husambaa nchi nzima siku hiyohiyo. Kila anayeitazama anajua jina la bingwa. Jina la aliyekipamba kibuyu kwa shanga halimo.

Hapo ndipo mafundi wa shanga wa Uasin Gishu, kaunti ulimo mji wa Eldoret, wanapopoteza wateja. Soko lao sasa ni simu. Mkufu unapigwa picha asubuhi na kuwekwa kwenye WhatsApp au Facebook, na mtu wa mji mwingine anaweza kuichukua picha ileile, akatafuta oda na kudai malipo ya kwanza kwa kazi asiyoiweza. Mteja akitapeliwa, lawama zinamfuata mwenye shanga.

Sheria iko upande wa fundi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda picha hata kabla haijasajiliwa, kwa miaka 50, na anayetaka ushahidi zaidi anaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Lakini picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa zilizojificha ndani ya faili hufutika. Linalobaki ni jina linaloonekana kwa macho.

Kuliandika si kazi kubwa. Kwenye simu, Snapseed haitozi pesa: fungua picha, chagua zana ya maandishi, andika jina la biashara, kisha lififishe kidogo. Mwenye kompyuta ana GIMP, nayo ya bure, ambamo nembo hukaa kwenye tabaka lake bila kuigusa picha ya chini.

Kazi iko katika kuchagua mahali. Jina la konani hukatwa mara moja, likaisha. Likitanda katikati, mnunuzi haoni mpangilio wa rangi, na hanunui. Mimi nasema lipitishwe ukingoni mwa kibuyu, nusu ya herufi juu ya shanga, nusu nje. Anayelikata atakata na kibuyu chenyewe. Herufi ziwe nene na za rangi moja, maana shanga humeza mwandiko mwembamba.

Hata hivyo alama hii ya jina nayo hufutika. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kuwa kompyuta inaweza kuiondoa alama inayojirudia vilevile kwenye picha nyingi, na kwamba kulipinda umbo lake kidogo katika kila picha kunaifanya kazi hiyo iwe ngumu. Leo programu za akili unde zimeirahisisha zaidi. Kwa hiyo mtandaoni weka nakala ndogo yenye jina, na picha kubwa ya kwanza usimpe mtu yeyote. Ndiyo ushahidi wako siku ya ugomvi.

Nawe mnunuzi, kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, mwombe muuzaji akipige picha kibuyu hichohicho upande wa pili.