Vyombo Vipya Mbele ya Baraza la Kanisa

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni zilizonunua maziwa katika wilaya ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ziliwapelekea wafugaji wao taarifa iliyozitia nyumba nyingi wahaka: maziwa ya madebe yangekoma kupokelewa, na kila mfugaji aliyetaka kuendelea kuuza hakuwa na budi kuweka tangi kubwa la chuma, lenye mtambo wa kuyapoza maziwa na chombo cha kuyakoroga mpaka lori lije kuyachukua. Kwa wafugaji wengine shauri hili lilikuwa la gharama tu. Kwa Waamish lilikuwa shauri la imani pia, maana tangu yapata mwaka 1920 kanisa lao lilikuwa limewakataza kuziunganisha nyumba na mazizi yao na nyaya za umeme wa kampuni, na matangi ya namna ile yalitengenezwa kwa kutazamia umeme huo.

Maaskofu wa Kiamish hawakulikubali jambo zima wala hawakulitupa. Walionana na wajumbe wa kampuni, wakalichambua sehemu baada ya sehemu, kwa subira ya kadhi anayepima ushahidi. Katika kupoza maziwa hawakuona ubaya. Basi mtambo wa kupozea ukaruhusiwa, ila uendeshwe kwa injini ya dizeli iliyo mali ya mfugaji mwenyewe. Kukoroga kulihitaji umeme kidogo. Basi umeme huo utoke katika betri ya volti 12, kwa sababu betri hukaa pale pale zizini, nguvu zake zina kikomo, na haina waya utokao nje ya boma. Lakini lori kuja kuchukua maziwa Jumapili, hilo walilikataa katakata, na kampuni, ambazo haja yao ya maziwa ya Waamish haikuwa ndogo, zikaridhia. Mfugaji akabaki na soko lake, kanisa likabaki na Jumapili yake, na waya wa umeme ukabaki barabarani.

Nimelitanguliza tangi hili kwa sababu ndani yake imo fikira ambayo wasimulizi wengi wa habari za Waamish huikosa, wakatuonyesha magari ya farasi na taa za mafuta kana kwamba watu wale hukimbia kila kilicho kipya kwa ajili ya upya wake. Wanachokipima ni ujirani. Je, chombo hiki kikishaingia nyumbani, jirani ataendelea kumhitaji jirani? Kitamtoa baba mezani pa wanawe? Kitamkweza mmoja juu ya wenziwe, ilhali unyenyekevu kwao ni faradhi? Kwa maoni yangu haya ni maswali yenye hekima kuliko yale ambayo sisi wengine hujiuliza dukani, ambayo aghalabu huishia katika bei na nguvu za mashine.

Waamish, pamoja na Wahutterite ambao habari zao zitafuata, ni matawi ya shina moja, nalo ni wale Wakristo waliobatizana wakiwa watu wazima mjini Zurich Januari 1525, wakaudhiwa kwa hilo na Wakatoliki na Waprotestanti pia. Jakob Hutter, ambaye Wahutterite huitwa kwa jina lake, alichomwa moto Innsbruck mwaka 1536. Jakob Ammann alifarakana na wenziwe mwaka 1693 kwa kutaka nidhamu kali zaidi, na katika karne ya 18 wafuasi wake, ndio Waamish, wakaanza kuvuka bahari kwenda Pennsylvania. Shina hilo hilo limetoa chipukizi hata kwetu, kwani wamisionari waliofika Shirati, kandokando ya Ziwa Victoria, mwaka 1934 walikuwa Wamenno wa Lancaster, ndugu wa ukoo wa imani na Waamish, na Kanisa la Mennonite Tanzania lilianzia kwao, ingawa kanisa hilo halina mwiko wa umeme wala wa gari. Leo Waamish wanapata 400,000, na kwa kila miaka 20 hivi idadi yao hukaribia kurudufika. Wahutterite ni kama 50,000.

Mamlaka ya kuruhusu na kukataza, kwa Waamish, hayapo katika makao makuu yoyote. Yamo katika usharika, ambao ni familia 20 hadi 40 zinazokaa karibu kiasi cha kufikiana kwa farasi, kwa kuwa husali majumbani kwa zamu na hawajengi makanisa. Askofu wao hakusomea kazi hiyo wala halipwi. Waliopendekezwa na waumini kila mmoja huchukua kitabu cha nyimbo, na ambaye ndani ya kitabu chake imefichwa karatasi ndogo ndiye aliyeangukiwa na kura. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana ya majira ya kuchipua na ile ya majira ya kupukutika, usharika hukutana, na zile kanuni ziitwazo Ordnung, ambazo kwa sehemu kubwa hazikuandikwa popote, hukumbushwa kwa kinywa. Kisha kila mbatizwa, mwanamume kwa mwanamke, huulizwa kama ameridhika nazo na kama ana amani na Mungu na ndugu zake. Ikidhihiri kwamba amani haipo, Meza ya Bwana huweza kuahirishwa, na kuahirishwa huko ni msiba unaojulikana na wote. Ndiyo maana shauri la mashine haliwezi kuamuliwa kwa wingi wa sauti tu. Na mara nyingi halipelekwi barazani upesi: mmoja hukijaribu chombo, viongozi hunyamaza wakitazama, na miaka huweza kupita kabla ya neno kutamkwa.

Simu ndiyo mfano ulio bora kuliko yote, na msomaji aniwie radhi nikikaa kwake. Mwanzoni mwa karne ya 20 laini za simu zilipoenea mashambani Pennsylvania, baadhi ya Waamish waliziweka nyumbani baghairi ya kuzuiwa. Laini moja ilishirikiwa na nyumba nyingi, na aliyetaka aliweza kuinua mkono wa simu akayasikiliza maneno ya wenziwe. Wazee wa Lancaster husimulia kwamba huko ndiko mgogoro ulikoanzia: wanawake wawili walimsengenya wa tatu, naye alikuwa akisikiliza, fitina ikafika kanisani, na waliokuwa na simu wakatakiwa waziondoe. Yapata mwaka 1910 shauri likakatwa, na ugomvi wa simu, pamoja na mambo mengine, ukachangia mfarakano uliowatoa karibu moja ya tano ya waumini. Sidhani kwamba usengenyaji peke yake ungeweza kufanya hayo. Simu iliingia ndani bila kupiga hodi, ikamwezesha mtu kumaliza haja zake kwa jirani bila kumwona uso, na kwa watu ambao ibada yao, mazishi yao na ujenzi wa maghala yao husimama juu ya kuonana, jambo hilo halikuwa dogo.

Walakini haja haikufa. Mtoto huugua usiku, daktari yu mbali, ghala hushika moto. Katika miaka ya 1930 familia kadhaa ziliomba idhini ya kushirikiana simu moja, na taratibu ikazuka desturi ambayo mgeni apitaye Lancaster huweza kuiona hata sasa: kibanda kidogo cha mbao mwisho wa njia itokayo shambani, simu ndani yake, na aghalabu daftari ambamo kila aliyepiga huandika hesabu yake, ili gharama igawanywe baina ya nyumba zinazokitumia. Kengele haisikiki mezani. Anayetaka kupiga sharti avae viatu, avuke ua hata kama kuna theluji, asimame ndani ya banda lisilo na joto, aseme lililomleta na kurudi. Umbali ule ndio kanuni yenyewe, kwa kuwa huacha haja ya kweli ipite na kuuchosha upuuzi kabla haujafika. Sijui mahali pengine ambapo umbali umetumiwa kwa busara kiasi hiki.

Kwa kipimo hicho hicho mtu huelewa mambo ambayo wapita njia huyaita unafiki. Mwamish haruhusiwi kumiliki gari, lakini huruhusiwa kupanda la mwingine na kumlipa dereva asiye Mwamish. Maana gari lililo uani humwita mwenyewe kila saa, na lile la kukodi hudai sababu, fedha na mipango, na mara nyingi hujaa majirani. Trekta lilikatazwa shambani katika miaka ya 1920 na likaachwa ghalani kuendesha mashine kwa mkanda, na kwa hiyo huko Lancaster utaona nyumbu wakiivuta mashine ya kufunga majani makavu ambayo ina injini yake juu. Wala sharika hazifanani. Lancaster baiskeli haiendeshwi, watu hutumia skuta ya kusukuma kwa mguu, ilhali Waamish wa kaskazini mwa Indiana huendesha baiskeli kila siku. Na Waswartzentruber wa Ohio, walio wakali kuliko wengi, hukataa hata mabomba ya maji ndani ya nyumba.

Bei ya ardhi ilipopanda na mashamba yasitoshe kwa vijana, wengi waliingia useremala na ufundi wa chuma, hata leo katika makazi makongwe wakulima ni wachache kuliko mafundi. Katika karakana zao misumeno na keekee ni zile zile za viwandani, ila mota ya umeme imeng'olewa na mahali pake pakatiwa mota ya hewa. Dizeli hunguruma katika banda la nje, ikishindilia hewa tangini, na mabomba huipeleka kwenye kila mashine, na pengine mpaka jikoni kwenye mashine ya kusagia na cherehani. Anayeuliza taabu yote hiyo ni ya nini akumbuke kwamba bomba la hewa huishia katika boma la mwenyewe, na hakuna televisheni inayoendeshwa kwa hewa. Kwa sababu iliyo karibu na hiyo, paneli za jua zimepata ruhusa katika sharika nyingi.

Wahutterite wameligeuza jambo upande wa pili. Hao huishi katika vijiji vya watu 60 hadi 150 hivi, zaidi katika nyanda za Kanada na majimbo ya Marekani ya Montana na Dakota Kusini, na tangu mwaka 1528 mababu zao walishika ushirika wa mali: ardhi, fedha na magari ni ya kijiji, chakula hupikwa katika jiko moja, wala hakuna mshahara. Basi mashine kubwa ya kuvunia inayoongozwa kwa setilaiti haiwatishi hata kidogo, kwa kuwa haina mtu itakayemtajirisha peke yake. Kinachotazamwa kwa hadhari ni chombo kidogo cha faragha: redio, televisheni, na siku hizi intaneti, ambayo ama hukatazwa ama huchujwa. Shauri huamuliwa kwa kura za wanaume waliobatizwa. Na pengine hiari yenyewe huwaponyoka: kijiji cha Wilson, huko Alberta, kiliomba leseni za udereva zisizo na picha, kwa kuona kwamba picha imekatazwa katika Amri Kumi, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Kanada ikawakatalia kwa kura 4 dhidi ya 3.

Insafu hunilazimu kusema pia gharama ya mambo haya. Mwamish aliyekwisha kubatizwa, akivunja nadhiri yake na kuendelea kukaidi, hutengwa, hata asile meza moja na ndugu zake. Wanawake wa Kihutterite hawana kura. Na watoto wa Kiamish huacha shule baada ya darasa la nane, haki ambayo wazazi wao waliithibitishiwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972. Kijana mwenye kiu ya elimu hulipa pakubwa kwa umoja ambao sisi wa nje huustahi. Hata hivyo zaidi ya vijana 8 katika kila 10 huchagua kubatizwa na kubaki, baada ya kupewa miaka ya kuionja dunia.

Simu ya mkononi ndiyo iliyowatia sasa katika shida kubwa kuliko zote. Haina waya, haina kibanda, hukaa mfukoni mwa fundi ajengaye nyumba mbali na kwao, na ndani yake imo kila kitu ambacho waya ulizuiliwa usikilete. Mwenye kuhukumu kwa kuutazama waya hana la kuikatalia. Mwenye kukumbuka kwa nini waya ulikatazwa anayo mengi, na mimi huona kwamba huyu wa pili ndiye aliyeifahamu kanuni. Katika sharika kadhaa imekubaliwa simu ya kazi isiyo na intaneti. Katika nyingine imekatazwa kabisa. Na katika nyingine viongozi hawajatamka neno, jambo ambalo kwa desturi yao lina maana kwamba chombo kingali kinatazamwa.